Ekuteri zako zimekufa kweli?



Kwa mwezi huu nilikuwa nimekwisha kuandika mambo mengine. Kisha, siku ya posho jioni, mama mmoja wa kanisa letu hapa Kadutu alipiga hodi. Aliketi, hakutaka chai.

"Pasta," akasema, "bwana yangu ameniacha."

Bwana yake anachimba dhahabu Kamituga, karibu kilometa 180 toka hapa kwa njia ya Walungu na Mwenga. Na njia hiyo, tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, si ya kupanda gari asubuhi ukasema nitaenda kumuangalia. Kwa hiyo nyumba yao imekaa juu ya telefone. Telefone ikinyamaza, nyumba imenyamaza.

"Nikimupigia, iko inaita," mama aliendelea. "Anakamata. Kisha kimya. Nasema alo, alo, hapana jibu. Anangoja kidogo, anakata. Wiki tatu sasa! Mutoto ana homa, nitamuambia nani? Anatuma ujumbe ati rezo iko mubaya. Lakini bwana ya jirani yangu wako naye shimo moja, na wale wanaongea kila magaribi. Rezo inachagua watu?"

Ninyi mnaoishi kwenye karieri mnajua mwanamke wa mjini anafikiri nini akisikia kimya cha namna hiyo. Mama huyu alikuwa amekwisha kufikiri yote. Alikuwa amefunga hata nguo za watoto ili arudi kwa wazazi wake Kabare.

Nilipiga mimi mwenyewe. Ikaita. Akakamata. Kimya! Nakiri kwamba hata mimi roho iliniruka kidogo. Lakini nilikumbuka kwamba mwaka uliopita telefone ya kijana wangu ilifanya mchezo kama huu, nasi tukampa mwana wa watu lawama bure. Basi nikamwandikia ujumbe yule ndugu: "Angalia juu kabisa ya kioo cha telefone yako. Unaona kapicha kadogo ka ekuteri?"

Jibu lilichelewa, maana alikuwa ndani ya shimo. Saa mbili ya usiku likaingia: "Iko Pasta. Lakini mimi sina ekuteri. Zilikufa toka mwezi uliopita nikatupa."

Nikaandika tena: "Nitakupigia. Kamata, kisha bonyeza palipoandikwa haut-parleur." Nikapiga. Na tazama, sauti ya mtu ikajaa chumbani mwangu, ikipiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya Ruzizi: "Pasta! Wiki tatu sisikii mutu! Mama watoto ananikatia nikisema alo!"

Nilimpa mama telefone nikatoka nje. Mazungumzo yao si ya gazeti hili.

Telefone inadanganywa namna gani

Wengi wetu tunasema ekuteri, wengine vya masikio, wengine kaske kama ni vile vikubwa vinavyofunika sikio lote. Vikigoma, watu hufanya neno moja tu: wanatupa na kununua vingine kwa franka elfu chache kwa kijana anayetembeza barabarani Nyawera. Juma linalofuata hivyo navyo vimegoma. Mimi si fundi, lakini nimekaa muda mrefu karibu na mafundi, na watoto watano wa nyumbani kwangu wamenifundisha kwa nguvu. Mara nyingi ekuteri zinazotupwa hazikufa. Mgonjwa alikuwa mwingine.

Tuanze na yule ndugu wa Kamituga. Ndani ya tundu la mviringo la telefone kuna vibati vidogo vya chuma vyenye kurudi kama springi. Fishi ya ekuteri (ile ncha ya chuma) ikiingia, inagusa vibati hivyo, na telefone inajua: mwenye mimi ametia ekuteri, basi sauti nitaituma kule, na maneno yake nitayapokea kwa kipaza sauti kidogo kilicho kwenye waya. Sasa, kama tundu limejaa matope, jasho, au manyoya ya mfuko wa suruali, vibati vinaguswa vilevile. Telefone inaamini kwamba kuna ekuteri. Inatuma sauti ya mke wako katika ekuteri ambazo hazipo, na inangoja sauti yako itoke katika kipaza sauti ambacho hakipo. Ninyi wawili mnabaki mnanyamaziana.

Haut-parleur inasaidia kwa sababu ukiibonyeza unailazimisha telefone kuacha ile njia ya ekuteri. Lakini hiyo ni fimbo ya kuegemea tu. Dawa ni kusafisha tundu. Zima telefone kwanza. Geuza tundu liangalie chini. Chukua kijiti cha meno cha mti, chonga ncha iwe bapa kidogo, uingize polepole ukizungusha na kuvuta takataka nje. Usitumie sindano, wala pini, wala waya wa baiskeli! Vibati vile ni laini, ukivipinda telefone itahitaji fundi kweli. Usipulize kwa mdomo pia, kwani mate ni maji yenye chumvi, na maji ndiyo adui tunayemfukuza. Kama kuna uchafu ulioganda, zungushia pamba kidogo sana kwenye kijiti, ichovye katika alkoli ya dawa, ikamue mpaka isidondoke, ndipo upitishe. Acha telefone ikauke vizuri. Kisha tia fishi na kuitoa mara kumi hivi, ukaiwashe.

Yule ndugu alifanya hayo kesho yake asubuhi kabla ya ibada. Aliniandikia kwamba alitosha "udongo wa kujaza kijiko cha chumvi". Naona aliongeza kidogo, lakini tundu la telefone ya mchimbaji hukusanya vitu.

Nani kati yao ni mgonjwa?

Kabla ya kutoa pesa, jaribuni kama mganga anavyotafuta ugonjwa. Tia ekuteri zako katika telefone ya mwingine. Zikiimba kule, basi ni nzima, na shida iko kwenye telefone yako. Kisha tia ekuteri za mwingine katika telefone yako. Zikinyamaza nazo, una uhakika mara mbili. Jaribio hili ni la dakika mbili na halina bei, na bado sijaona kijana hata mmoja aliyelifanya kabla ya kuomba baba yake pesa.

Na mengine ni ya aibu kuyasema, lakini yanatokea kila siku. Sauti imeshushwa mpaka mwisho. Au kavere ya telefone ni nene, nayo inazuia fishi isiingie mpaka ndani. Unasikia sikio moja tu, au mlio mdogo kama wa mbu. Vua kavere, sukuma fishi mpaka usikie "tik". Mwanafunzi mmoja wa Bagira alinunua ekuteri tatu kwa mwezi mmoja kwa ajili ya kavere aliyopewa zawadi.

Tazama fishi yenyewe

Ikamate mkononi uiangalie vizuri. Ni kitu cha zamani kuliko babu zetu. Ya kwanza ilitengenezwa mwisho wa karne ya 19 kwa ajili ya wale waliounganisha telefone kwa mkono, wakitoa waya tundu hili na kutia tundu lile. Ile ilikuwa nene, zaidi ya milimeta 6. Hii yetu ni milimeta 3,5, na dunia nzima iliizoea zaidi baada ya Sony ya Japani kutoa Walkman mwaka 1979. Wazee wenzangu wanaikumbuka ile ya kaseti.

Utaona mistari myeusi inayozunguka chuma. Hiyo inatenga njia. Mistari miwili inafanya vipande vitatu: sikio la kushoto, sikio la kuume, na njia ya kurudia. Fishi hiyo ni ya kusikiliza tu. Mistari mitatu inafanya vipande vinne, na cha nne ni cha kipaza sauti. Hiyo unaweza kusikiliza na kusema pia. Ukitia ya mistari miwili, watu hawatakusikia kwa waya. Usiseme imeharibika, haikupewa mdomo.

Kuna ugonjwa mmoja hapa ambao ulinisumbua sana zamani. Unatia ekuteri, unafungua wimbo wa kwaya, vyombo vinasikika kwa mbali kama ndani ya pipa, lakini waimbaji hawapo! Ukibonyeza kile kidude cha kwenye waya, waimbaji wanarudi. Ukiachilia, wanatoroka tena. Mama mmoja alifikiri ni kazi ya shetani. Hapana. Watengenezaji hawakupatana kuhusu vile vipande viwili vya mwisho. Wengine walitia kipaza sauti mbele na njia ya kurudia nyuma, wengine kinyume. Nokia nyingi za zamani zilifuata mpango mmoja, iPhone ikafuata wa pili, na leo karibu telefone zote zinafuata huo wa pili. Ukichukua ekuteri za telefone ya zamani ukazitia kwenye mpya, njia ya kurudia inakosekana. Masikio mawili yanabaki yakipingana, na kila kitu kilicho sawa pande zote mbili kinafutika. Sauti ya mwimbaji huwekwa katikati, sawa kushoto na kuume, basi ndiyo inayofutika. Fishi isiyoingia mpaka mwisho huweza kuleta dalili hiyo hiyo. Kwa hiyo sukuma kwanza. Ikikataa, kuna kiwaya cha kubadilisha ambacho kinauzwa, au ziache ekuteri zile kwa telefone yake ya zamani.

Sasa waya. Kama sikio moja limekufa, shika shingo ya fishi, pale waya unapoingia kwenye mpira, upinde pole pole huku na huku wakati wimbo unaimba. Sauti ikirudi na kwenda, umepata kaburi lake. Waya umekatika ndani, juu ya kuufunga kwenye telefone kila siku na kuusokota mfukoni. Pahali pengine pa kukatikia ni pale waya unapogawanyika na pale unapoingia kwenye kidude cha sikio.

Fundi mzuri anakata hapo, anatia fishi mpya. Lakini angalieni anavyofanya. Ndani ya waya mna nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, na kila uzi umepakwa rangi: mara nyingi nyekundu ni ya sikio la kuume, kijani au buluu ni ya kushoto, na ile ya rangi ya shaba ni njia ya kurudia. Rangi ile ni kama vernis inayozuia umeme. Fundi wa haraka anachomelea juu ya rangi, umeme haupiti, kisha anakuambia ekuteri zako ni za bandia. Fundi mwenye subira anachoma kwanza rangi kwa moto kidogo au anaikwangua, ndipo anachomelea.

Na anachomelea kwa nini? Kwa bati, ile mafundi wetu wanaita etani. Ninyi wa Nyabibwe na Numbi mnaoosha kasiteriti kutoka asubuhi mpaka jioni, bati hutoka humo. Coltan nayo inatoa tantali, ambayo hufanya vidude vidogo vya kutunza umeme ndani ya telefone. Na fishi zile bora hupakwa dhahabu kwa nje, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na jasho haliiwezi. Ni utando mwembamba sana, na kwenye ekuteri za bei ndogo njano ile mara nyingi ni rangi tu. Nasema hivyo ili kijana yeyote wa Kamituga asije akachukua mfuko wa fishi kwenda kwa mnunuzi wa dhahabu. (Mmoja aliniuliza kweli!) Fishi yako ikianza kuwa ya kijani, hiyo ni kutu ya shaba chini ya utando. Ipanguse kwa kitambaa chenye alkoli kidogo.

Kelele ya "bzzz"

Wengi wameniuliza juu ya mngurumo unaosikika wanapotia ekuteri wakati telefone iko kwenye umeme. Huu mara nyingi hutoka kwenye sharjeri. Sharjeri mbaya haisafishi vizuri umeme wa ukutani, na umeme wetu wa SNEL mnaujua, unapanda na kushuka kama njia ya Ngomo. Tosha sharjeri: kelele ikiisha, umejua mwenye kosa. Ninyi wa karieri mnaotumia panno ya jua, kelele inaweza kutoka kwenye kile kidude cha kubadilisha umeme.

Lakini hapa sitacheka. Sharjeri ya bandia ambayo kinga yake ya ndani imeharibika inaweza kupitisha umeme wa ukuta mpaka kwenye telefone, na ukiwa na waya masikioni, umeme huo una njia ya moja kwa moja kwenye kichwa chako. Nyumbani kwangu ni sheria: telefone ikiwa kwenye umeme, hakuna ekuteri za waya, na hakuna kulala nazo. Ukigusa telefone inayochajiwa ukasikia vidole vinawashwa, tupa ile sharjeri. Hiyo tu ndiyo nakuruhusu kutupa bila kujaribu mara mbili.

Telefone zisizo na tundu, na zile za Bluetooth

Tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, telefone nyingi za bei kubwa zimeacha tundu la mviringo. Ekuteri hutiwa pale pale pa sharjeri, au kwa kiwaya kifupi cha kuunganisha. Na viwaya hivyo kwa macho ni sawa, kumbe ni vya namna mbili. Kimoja kina kidude ndani kinachogeuza hesabu za telefone kuwa sauti. Kingine ni waya mtupu, kinangoja telefone yenyewe ifanye kazi hiyo. Kama telefone yako haifanyi, waya mtupu hautaimba kamwe, hata ukiwa mpya kabisa. Basi usinunue kabla ya kukijaribu palepale dukani na telefone yako mwenyewe.

Za Bluetooth hazina waya, na ugonjwa wake ni mwingine. (Jina hilo lilitoka kwa Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa Jino la Buluu. Watu wa kampuni ya Ericsson ya Sweden walianza kazi hii mwaka 1994. Nalisema kwa ajili ya vijana wanaopenda mashindano ya maswali.) Ugonjwa wa kwanza ni kwamba zimekwisha kushika telefone nyingine. Nyumba ya watoto watatu, ekuteri zinamkimbilia aliyezitumia mwisho, na yeye yuko chumba cha pili. Zima Bluetooth ya wengine. Ugonjwa wa pili: telefone inazijua kwa jina lakini haisemi nazo. Ingia katika parametri, zifute kabisa kwenye orodha, zirudishe ndani ya kisanduku chake, kisha anza kuziunganisha upya kama siku ya kwanza. Ugonjwa wa tatu: moja inasema, nyingine kimya. Angalia nta ya sikio juu ya vile vitone vya chuma vinavyochukua umeme kisandukuni; vikifunikwa, ekuteri haijai umeme. Panguza. Na kama maongezi yanapita lakini muziki haupiti, fungua jina lake kwenye orodha ya Bluetooth utazame kama sauti ya muziki haikufungwa.

Waya na redio

Kuna jambo moja ambalo za Bluetooth haziwezi, na hapa Bukavu tumelijua kwa siku ngumu. Telefone nyingi zina redio ya FM ndani, lakini hazina anteni. Anteni yake ni waya wa ekuteri. Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu meta 3, na waya wa meta moja na zaidi kidogo unayashika vizuri. Ndiyo maana ukifungua redio bila ekuteri, telefone inakuambia utie ekuteri kwanza. Hata ekuteri ambazo masikio yote mawili yamekufa zinaweza bado kuwa anteni nzuri. Zitie, kisha chagua haut-parleur, na redio inasema nyumba nzima. Haili mega hata moja.

Katikati ya Februari 2025, wakati askari wa M23 walipoingia mjini, watu walikaa ndani, milango imefungwa. Katika uwanja wetu tulikuwa jamaa sita, wengi na telefone nzuri za kioo kikubwa, na ekuteri za Bluetooth, na unite zimekwisha, na maduka yamefungwa. Mwenye habari alikuwa bibi mmoja mzee mwenye telefone ndogo ya vibonyezo na ekuteri za waya za sikio moja, zimefungwa kwa plastiki nyeusi. Alisikiliza, kisha alipita mlango kwa mlango akituambia. Tangu siku zile sitaki mtu atupe waya nyumbani kwangu. Nina mfuko wake nyuma ya mlango.

Masikio yenyewe

Vijana, mtanisamehe neno hili. Zikishapona, msizitumie kuua masikio. Shirika la afya la dunia, OMS, linaonyesha hesabu hivi: sauti ya desibeli 80, mtu anaweza kuisikiliza saa 40 kwa juma; ikifika 90, saa 4 tu kwa juma. Telefone nyingi zikifunguliwa mpaka mwisho hupita hapo. Na ninyi mnaofanya kazi karibu na mashini za kusaga mawe mmekwisha kula sehemu yenu ya kelele kabla ya kutia ekuteri. Mnazitia ili kufunika mashini, mnapandisha sauti juu ya sauti.

Ndani ya shimo, hata sitaki kusikia habari ya ekuteri. Mchimbaji anajua kwa sikio: jiwe linalolia kabla ya kuanguka, mwenzake anayepiga kelele juu, maji. PDG mmoja wa shimo aliniambia kwamba anazikusanya zote mlangoni kama mwalimu anavyokusanya mipira darasani. Mwenye moto naye, sikio la upande wa magari liachwe wazi.

Na kuhusu sikio moja nina habari ya mwisho. Kuna mzee katika kanisa letu ambaye zamani, akiwa kijana, alishika mashini ya kutoboa mawe katika kampuni moja ya dhahabu. Sikio lake la kushoto halisikii tangu miaka mingi. Mjukuu alimletea ekuteri na nyimbo za kwaya yetu, tulizorekodi vizuri, kila kundi upande wake. Mzee akasikiliza, akasema ekuteri ni mbovu, wimbo umekatwa nusu. Tukazijaribu, ni nzima. Tukamwambia hazina shida, akakasirika.

Mjukuu ndiye aliyefahamu. Katika parametri za telefone kuna pahali panaitwa Accessibilité, na ndani yake kuna sauti ya mono. Ukiifungua, ya kushoto na ya kuume zinachanganywa, zote zinapita kila upande. (Hapo hapo kuna pia kamstari ka kusawazisha kushoto na kuume. Kakisukumwa upande mmoja bila wewe kujua, sikio moja linakufa kwenye telefone nzima, na hakuna fundi atakayekuta kosa kwenye waya.) Kijana aliifungua mono, akamrudishia babu yake.

Mzee alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaniuliza, "Pasta, hawa besi walianza kuimba lini?"